Homa ya Saa Nne

Hospitalini kwetu naitwa Bi Kufuli, na wanaoniita hivyo hudhani silijui jina hilo. Nalijua tangu wiki ya kwanza. Mimi ni mfamasia wa hospitali ya umma yenye vitanda mia mbili na kumi. Katika chumba changu cha dawa, nyuma ya mlango, kuna kabati dogo la chuma ambalo ufunguo wake nauvaa shingoni. Ndani yake zimo antibiotiki za mwisho, zile za sindano ambazo hutolewa pale dawa nyingine zote zimeshindwa. Zikitumiwa ovyo, bakteria wanazizoea, na wakishazizoea hatuna tena pa kukimbilia. Kwa hiyo niliweka sharti: kichupa hakitoki kabatini mpaka maabara ioteshe usaha wa mgonjwa, itaje bakteria aliyemo na dawa inayomuua. Kazi hiyo huchukua siku tatu. Daktari asiyeweza kusubiri anajaza fomu ya manjano, anaandika sababu, kisha anakuja kusimama mbele yangu nimtazame vizuri.

Aliyejaza fomu nyingi kuliko wote alikuwa daktari bingwa wa upasuaji, mzee mrefu mwenye sauti ya chini, ambaye kwa kichekesho ndiye pia mwenyekiti wa kamati ya antibiotiki. Tulimwita Kwa Usalama. Kila fomu yake, kwenye nafasi ya sababu, iliandikwa maneno hayohayo mawili. Mgonjwa ana kijipu, kwa usalama. Mgonjwa hana kitu ila ni shemeji wa mtu fulani, kwa usalama. Kwa miaka minne nilizirudisha fomu hizo na wino mwekundu juu yake, na siku za Ijumaa kwenye kamati nilizisoma mbele za watu kwa sauti yake yeye. Nakiri kwamba niliifurahia kazi hiyo kupita kiasi. Kuna watu hufurahia muziki, mimi nilifurahia kumkatalia daktari bingwa.

Kisha mama yangu akakanyaga msumari.

Mama ni mkaguzi mstaafu wa tiketi za treni. Miaka thelathini alipita behewa kwa behewa akiwakamata watu wenye tiketi za jana, watu waliojificha chooni, na wanaume wazima waliojitia usingizi mzito kila wakimwona. Hakuna hila asiyoijua, na alipostaafu hila zote akaenda nazo nyumbani. Msumari ulimwingia unyayoni akihamisha masanduku stoo. Akaufunga mguu kwa kitambaa, akanyamaza siku nne, na siku ya tano, Jumatatu, kaka yangu mkubwa akamleta akiwa na mguu uliovimba hadi kwenye fundo. Walimlaza wodi ya upasuaji ya wanawake, kitanda namba tisa. Usaha ukachukuliwa ukapelekwa maabara, naye akaanzishiwa antibiotiki ya kawaida tunayompa kila mtu mwenye kidonda cha namna hiyo.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Jumatatu hiyohiyo jioni Mama aliniuliza mbele ya wodi nzima kama dawa aliyopewa ndiyo inayotoka kwenye lile kabati langu. Nikamwambia hapana, hiyo ni dawa nzuri, na inamtosha. Akaitazama dripu iliyofungwa mkono wake wa kushoto kama tiketi ya bandia. Alinikumbusha kwamba enzi zake ndugu zake wote walipanda treni bure, hata binamu ambao hakuwa akiwapenda, kwa kuwa mtu akiwa na nafasi huwaangalia wa kwao kwanza. Kaka naye akanipigia simu nikiwa njiani kwenda nyumbani. Alitaka kujua inakuwaje ufunguo uwe shingoni mwangu halafu Mama atibiwe kama mtu asiye na mwenyewe. Nikamjibu kwamba bakteria hawaulizi mtu ni mama wa nani. Akakata simu.

Kitanda namba kumi, umbali wa mkono mmoja kutoka kwa Mama, alilala msusi. Alikuwa binti wa miaka ishirini na sita hivi, aliyejifungua kwa upasuaji wiki tatu nyuma na mshono ukafumuka na kutunga usaha. Mtoto wake alikuwa kwa mama mkwe. Homa ilikuwa ikimpanda na kushuka, na dawa ya kawaida ilikuwa kama inamdanganya tu, lakini alikuwa mcheshi, na ilipofika asubuhi ya Jumanne alikuwa keshazisuka nywele za Mama nusu kichwa huku kila mmoja amekaa kitandani kwake. Usaha wake nao ulikuwa maabara, umepelekwa siku moja na wa Mama.

Jumanne hiyo, saa nne asubuhi, homa ya Mama ilipimwa ikawa arobaini nukta moja. Saa kumi jioni ikawa arobaini nukta tatu. Daktari wa zamu, kijana mwangalifu ambaye hata mimi sina ugomvi naye, akaingiwa na hofu kwamba sumu imeingia kwenye damu. Akajaza fomu ya manjano akaja nayo mbio. Sehemu ya sababu aliiacha wazi. Akaniambia kwa upole kwamba, kwa kuwa mgonjwa ni mama yangu, ameona aniachie mwenyewe niamue nisubiri maabara au nisisubiri.

Ningemwona mtu mwingine yeyote amesimama pale nilipokuwa nimesimama, ningejua la kumwambia. Ningemwambia aende kwanza akamwone mgonjwa, amguse paji la uso, amtazame ulimi, amuulize anajisikiaje. Wodi ilikuwa hatua sitini kutoka mlangoni kwangu. Sikwenda. Niliitazama ile arobaini nukta tatu kwenye karatasi, nikamwona Mama amefunikwa shuka hadi kichwani, nikaogopa. Nikaichukua kalamu, nikaijaza ile nafasi ya sababu mwenyewe, nikafungua kabati.

Kulikuwa na vichupa ishirini na vitatu. Mgonjwa mmoja hupewa vitatu kwa siku, siku saba, jumla ishirini na kimoja. Mzigo mwingine ulikuwa uje baada ya wiki tatu. Kwa maneno mengine, kabati zima lilikuwa na dawa ya mtu mmoja tu, na mtu huyo nikamfanya Mama.

Alichomwa ya kwanza jioni hiyo. Nasikia wodi nzima ilitangaziwa. Wageni waliokuja kuwaona wagonjwa wengine walielezwa kwamba hiyo ndiyo sindano ya kabatini, haipewi kila mtu, na kwamba binti wa mgonjwa ndiye mwenye ufunguo. Kaka akanipigia tena, safari hii akiwa mtamu kama asali, akanivisha kilemba cha ukoka hadi nikaona haya. Nililala vizuri. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikilikumbuka.

Alhamisi mchana mtaalamu wa maabara alikuja mwenyewe na majibu mawili. Huwa hatoki kwenye sahani zake za kuoteshea bakteria ila kwa jambo zito. La Mama lilikuwa jepesi. Bakteria wake alikuwa mnyonge, anakufa kwa dawa ileile ya kawaida aliyoanzishiwa Jumatatu, ambayo tunayo makopo kwa makopo. La msusi lilikuwa kinyume. Bakteria wake alikuwa sugu kwa kila kitu kilichojaribiwa isipokuwa dawa moja. Mtaalamu akaweka kidole juu ya jina la dawa hiyo, akalitazama kabati langu, akanitazama mimi.

Mama alikuwa ameshachomwa vichupa sita. Vilibaki kumi na saba. Msusi alihitaji ishirini na kimoja.

Niliagiza sindano za Mama zisimamishwe na msusi aanzishiwe saa hiyohiyo, kisha nikaenda wodini. Nikaomba faili la Mama nione homa yake imetulia kiasi gani, maana nilitaka nipate angalau faraja hiyo. Sista aliyekuwa zamu akanipa ile karatasi ya homa yenye mistari. Niliisoma mara tatu. Juzi alfajiri Mama hakuwa na homa. Saa nne alikuwa na arobaini. Mchana hakuwa na homa. Saa kumi arobaini na ushei. Saa mbili usiku hakuna kitu. Jana vilevile, leo asubuhi vilevile. Katika miaka yangu yote ya kusoma magonjwa sijawahi kuona homa inayokwenda kwa ratiba ya chai, kwa sababu saa nne na saa kumi ndipo toroli la chai linapopita wodini.

Nikamuuliza Sista anavyopima. Akasema anampa mgonjwa kipimajoto akibane kwapani, anaenda kitanda kingine, akirudi anakisoma. Nikakiomba hicho kipimajoto kilichotoka kwa Mama muda si mrefu. Nikakigusa ncha kwa kidole. Kilinata sukari.

Wakati huo msusi alikuwa amepelekwa chumba cha kufungia vidonda, kwa hiyo kitanda namba kumi kilikuwa kitupu. Nikavuta kiti nikakaa karibu na Mama, nikamwekea kipimajoto kifuani. Alikitazama, akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani nikaona sura waliyokuwa nayo wale waliokamatwa naye chooni mwa treni. Haikudumu. Akajikohoza akasema kwamba mara ya kwanza chai ilikuwa ya moto mno, kipimajoto kikaonyesha herufi badala ya namba na Sista akadhani ni kibovu. Baada ya hapo akajifunza kungoja ipoe kidogo. Alisimulia hayo kwa macho makavu, na hata, nadiriki kusema, kwa majivuno kidogo.

Nilimuuliza kwa nini. Hapo majivuno yakaisha. Alisema kila jioni wageni wakija wanamuuliza anatibiwa kwa dawa gani, na yeye hakutaka kusema ya kawaida. Akasema tena, akiitazama dari, kwamba mguu ulipovimba alidhani anakufa, na kwamba mtu akidhani anakufa hutaka apewe kilichofungiwa, si kilichopo mezani.

Nilikuwa na hasira zangu zimejaa mpaka kooni, nimezipanga vizuri, lakini maneno hayo yalinipokonya nusu. Nusu iliyobaki nikaitumia. Nilimweleza kabati lilikuwa na nini, msusi ana nini mwilini, na hesabu imebaki ngapi.

"Vile nilivyochomwa mimi," akasema, "haviwezi kurudishwa?"

"Viko kwenye damu yako, Mama."

Kisha akaniomba kitu kimoja tu, kwamba nisimwambie yule binti. Nikamwambia sitamwahidi hilo. Akageukia ukutani, na nywele zilizosukwa nusu kichwa zikawa upande wangu.

Ijumaa kamati ikakaa. Nilikuwa nimejiandaa kusema mwenyewe, lakini mwenyekiti alikuwa na utaratibu wake: fomu zote za wiki husomwa kwanza. Wiki hiyo ilikuwa moja. Kwa Usalama akavaa miwani, akaiinua ile karatasi ya manjano, akasoma jina la dawa, namba ya kitanda, akafika kwenye sababu. Akasita. Akaisogeza karibu na macho. Mle ndani tulikuwa watu saba, na wote walijua mwandiko wangu kwa sababu wote nimewahi kuwaandikia kwa wino mwekundu.

"Kwa usalama," akasoma.

Hakuigiza sauti yangu, ingawa alikuwa na haki hiyo kabisa. Mtaalamu wa maabara alikuwa akiikagua kalamu yake kama ameipata jana. Nilisimama nikaeleza yote, la chai nikaliweka mwisho, na hapo daktari wa zamu akacheka, akajidai anakohoa, na kikohozi kikawashika wengine watatu. Nilitamani ardhi ipasuke. Lakini mzee hakucheka. Aliniuliza vinakosekana vichupa vingapi. Nikasema vinne. Akaniuliza kama niliogopa. Nikasema ndiyo.

"Mimi huwa naogopa kila mara ninapojaza," akasema. "Nilidhani wewe huogopi."

Basi. Ndiyo adhabu pekee niliyopewa siku hiyo, nayo mpaka leo haijaisha. Akatoa simu, akampigia mwenzake wa hospitali ya wilaya ya pili, akaniunganisha na mfamasia wao. Nilidhani nitaelezwa nije nichukue. Mwanamke huyo akanihoji dakika ishirini. Alitaka majibu ya maabara, alitaka uzito wa mgonjwa, alitaka kujua figo zake zikoje, alitaka kujua vichupa vyangu sita vilikwenda wapi. Nilipojaribu kupita juu juu akanirudisha mwanzo. Nilipomwambia ni dharura akaniambia kwa utulivu kwamba kila anayempigia huwa na dharura. Mtu wa namna hiyo hachukiki kirahisi, ila nilijaribu. Mwishowe akakubali, kwa sharti kwamba nimpelekee barua yenye maelezo kamili na saini yangu. Jumamosi nilipanda gari la wagonjwa lililokuwa likienda huko, nikarudi na vichupa vinne kwenye kiboksi cha barafu nilichokipakata njia nzima. Dereva aliniuliza nimebeba nini. Nikamwambia siku moja na ushei ya mtu.

Jumatatu msusi alikuwa siku ya tano ya dawa. Homa ilikuwa imeondoka, homa ya kweli, na mshono umeanza kukauka. Daktari alikuwa amemwambia kwamba akimaliza siku zake saba bila kuruka hata sindano moja, atarudi kwa mtoto wake. Mama naye alikuwa anakunywa vidonge vyake vya kawaida, mguu umerudi kuwa mguu, na tangu Alhamisi alikuwa mpole kiasi cha kuwatia hofu masista.

Nilikwenda karibu na saa nne asubuhi. Mama aliponiona nakaa upande wa kitanda namba kumi, akafumba macho akaanza kukoroma, ukoromaji wa kitaalamu kabisa, aliojifunza kwa abiria wake. Nikamweleza msusi kila kitu. Nilimweleza kwamba dawa yake ilikaribia kukosekana, kwamba kama wale wengine wangekataa angeishia siku ya sita na wale bakteria wangeinuka upya wakiwa wameizoea hata hiyo moja. Nilimwambia kwamba Mama alidanganya homa kwa chai, lakini kwamba Mama hana ufunguo, aliyefungua kabati ni mimi. Nikamwomba radhi. Sikumbuki mara ya mwisho nilipomwomba mgonjwa radhi, na ulimi haukuwa umezoea.

Msusi alinisikiliza hadi mwisho, akichezea ncha ya shuka. Nilitegemea alie, au anitukane, na lolote kati ya hayo ningelipokea.

"Dada," akasema taratibu, "mama alikuwa na dripu mkono huu. Na kipimajoto mkono huu. Kikombe unadhani alikishika nani?"

Sikuelewa upesi. Nilivitazama vitanda vile viwili na ule upenyo wa mkono mmoja kati yao.

"Alinambia tunamchezea Sista," akasema. "Nilicheka siku hiyo mpaka mshono ukaniuma. Kila chai ikija nilikuwa namkumbusha mwenyewe."

Mkoromo wa kitanda namba tisa ulikuwa umekoma. Mama alifumbua macho, akamtazama yule binti. Msusi alijaribu kumcheka kidogo, kwa wema tu, kama mtu anayemwambia mwenzake yameisha. Mama hakuweza kuupokea wema huo.

Sista akaja na trei ya sindano ya saa nne. Msusi akakunja mkono wa gauni hadi juu, akaunyoosha mkono kwenye ule upenyo, na Mama akajifunika shuka usoni asione.